Ombolezo la Mtu Aliye Hai

Kipindi changu cha kwanza redioni kilidumu dakika kumi na moja, na nne za mwisho zilikuwa za ngumi.

Nilikuwa nimewakalisha mpiga zumari na mshairi kwenye meza moja, nikamuuliza mshairi anauonaje muziki wa mwenzake. Akasema unamkumbusha paka aliyekaliwa na mtu mnene. Mpiga zumari alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akamtandika mshairi kichwa cha pua. Damu ikaruka mpaka kwenye karatasi yangu ya maswali, ikafuta swali la tano, ambalo kusema kweli lilikuwa bovu. Watu wa Portgarvie, mji wetu, walipiga simu siku nzima wakiomba kirudiwe.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya kudumu. Naitwa Greer Mutch, nina miaka ishirini na miwili, nilimaliza sekondari nikiwa na cheti cha kawaida na mdomo usio wa kawaida. Kila Jumamosi mchana, kwenye redio ya mji wetu wa wavuvi, kaskazini-mashariki ya Uskoti, ninakaa na mwandishi au mwanamuziki na kumhoji kuhusu kazi yake. Kipindi kinaitwa "Umeitoa Wapi?" kwa sababu hilo ndilo swali langu kubwa. Wimbo huu umeutoa wapi? Yule mwanamke wa sura ya tatu umemtoa wapi? Wasanii hulipenda swali hilo, maana linawapa nafasi ya kudanganya.

Lakini kipindi chenyewe nilikianzisha kwa ajili ya mtu mmoja. Nilitaka siku moja Norrie Tocher, mpiga fidla, akae mbele ya kinasa sauti changu akiri kwamba ndiye aliyemvunja baba yangu.

Nisimulie kwa kifupi, maana kwetu hadithi hii kila mtu anaijua na kila mtu anaikosea. Baba, Wattie Mutch, alikuwa mpiga kodiani. Bendi yao ilikuwa ya watu watatu: baba na kodiani, Norrie na fidla, Fergus Dalgarno na ngoma. Miaka kumi na tisa iliyopita, Juni, walipiga kwenye harusi katika ukumbi wa mji. Saa tisa mchana bendi ikapumzika. Saa tisa na nusu baba akakutwa nyuma ya ukumbi, taya imevunjika mara mbili, mbavu sita zimekwenda, sikio la kushoto linatoa damu, na vidole vinne vya mkono wa kulia vimesagwa na kiatu juu ya jiwe la ngazi. Hakufa. Ila wiki nzima ilifutika kichwani mwake, haikurudi mpaka leo. Kodiani ilikutwa jukwaani, ndani ya sanduku lake, vifungo vyote vimefungwa, kwa hiyo polisi wakaandika kwamba aliiweka kabla ya kutoka.

Aliyemkuta ni Norrie. Alikuwa amepiga magoti kwenye damu, na damu ilikuwa kwenye viatu vyake, shati lake na mikono yake. Hilo peke yake labda lisingemfunga. Kilichomfunga ni wimbo.

Kwetu jigi, wimbo wa haraka wa mapigo sita sita, hupewa mtu aliye hai. Ukioa, ukizaa, ukinunua mashua, rafiki yako anakutungia jigi yenye jina lako, watu wanacheza. Ombolezo hupewa maiti. Sasa, siku sita kabla ya harusi ile, Norrie alisimama katikati ya baa iliyojaa, akaweka fidla begani, akasema, "Hili ni Ombolezo la Wattie Mutch." Na Wattie Mutch alikuwa amekaa pale pale, mita mbili, na bia mkononi. Watu thelathini walikwenda kortini kuapa kwamba walisikia. Hakimu hakuhitaji kuelezwa maana yake, naye alikuwa mtu wa huku. Miaka mitano.

Alipotoka, Norrie alirudi Portgarvie akaanza kukausha samaki kwa moshi. Hakupiga fidla tena. Watu walinunua samaki wake bila kumwangalia usoni.

Nilimfuata Jumanne moja asubuhi kwenye kibanda chake cha moshi. Sikumwamkia, nilimwita jina kwa kelele nikiwa bado nje. Alikuwa anapasua heringi, na nikwambie, kumtazama mtu aliyemvunja baba yako akipasua samaki si jambo la kuburudisha. Kisu kinaingia mgongoni, kinateleza mpaka mkiani, matumbo yanaruka kwenye ndoo. Samaki mmoja, sekunde mbili.

"Wewe ni wa Wattie," alisema bila kuinua kichwa.

"Umejuaje?"

"Umefungua mdomo kabla ya mlango."

Nikaweka kinasa sauti juu ya ubao wake, katikati ya magamba. "Nimekuja tuzungumze kuhusu kazi yako ya usanii, mzee."

"Sina usanii. Nina samaki."

"Ulitunga nyimbo."

"Mia mbili na kitu."

"Mmoja una jina la baba yangu. Umeutoa wapi?"

Kisu kikasimama. Nami, kwa kuwa sikujaliwa breki, nikatoa picha niliyokuja nayo, picha ya mkono wa kulia wa baba, nikaibandika kwenye ubao uliolowa. "Na hii je? Hii uliitunga peke yako, au Fergus alikupigia ngoma?"

Kisu kilishuka kati ya kidole changu cha shahada na cha kati, kikazama kwenye ubao. Kabla sijapiga kelele alikuwa ameshanikamata kola, amenibeba, amenibamiza kwenye pipa la maji ya chumvi. Kisogo changu kiligonga ukingo, nikaona nyeupe. Nikateleza, maji yakaniingia puani. Mkono wake ulikuwa karibu na uso wangu, basi nikaung'ata. Niling'ata kwa nguvu zote mpaka nikasikia chumvi, sijui ilikuwa ya pipa au ya damu, nikazidisha. Akanipiga kofi la kunibandua. Nikampiga teke la goti. Tukaachana, tunahema, kila mmoja ameegemea ukuta wake, na damu inachuruzika kwenye kiganja chake, inadondokea heringi.

Akacheka. Sikutegemea acheke.

"Baba yako naye alikuwa mng'ataji," alisema. "Sikumpiga, binti. Katika maisha yangu sijampiga mtu. Leo wewe ndiye umenionjesha."

"Mahakama ilisema vingine."

"Mahakama ilisikiliza wimbo." Alifunga mkono kwa kitambaa cha kufutia visu. "Aliniomba mwenyewe. Tulikuwa hapa hapa, kibanda kilikuwa cha marehemu baba yangu. Wattie akasema, 'Norrie, mtu anatungiwa wimbo mzuri kuliko zote siku amekufa, halafu yeye peke yake ndiye hausikii. Huo ni upumbavu gani? Nitungie wangu sasa, niusikie.' Nikamwambia watu watatushangaa. Akasema ndiyo raha yenyewe."

Sauti aliyoigiza ilikuwa ya baba. Ilikuwa ya baba wa kabla, baba ambaye mimi nimemsikia kwenye kanda tu.

"Nilipolipiga alilia," Norrie akaendelea. "Alilia kwa furaha, ng'ombe yule. Watu thelathini wakaenda kuapa kwamba alilia kwa hofu."

"Nani mwingine alimsikia akikuomba?"

"Fergus. Alikaa juu ya pipa hilo ulimotaka kuzama. Kortini akasema hakumbuki."

"Aha. Baba hakumbuki, Fergus hakumbuki, unakumbuka wewe tu. Una bahati sana, mzee."

"Ndiyo," alisema. "Unaona ilivyonifikisha."

Sikumwamini. Ila nilikuwa na mpango. Jumamosi hiyo kulikuwa na tamasha la vitabu la mji, na mimi nilipewa jukwaa saa nane mchana kwa mazungumzo mawili mbele ya watu. Ya kwanza yalikuwa na Fergus Dalgarno mwenyewe, ambaye siku hizi ni mwandishi mkubwa anayeishi Edinburgh. Ya pili hayakuwa na mtu.

"Njoo useme hayo mbele yake," nikamwambia. "Baba atakaa mstari wa mbele."

Alichomoa kisu ubaoni, akamshika samaki mwingine. "Nitakuja. Ila kunywa chai kwanza, umelowa."

Sikunywa.

*

Jumamosi nilimkuta baba jikoni amevaa tai, anajaribu kuikaza kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia nataka kodiani.

"Ile maiti ya nini?"

"Ya kumwonyesha mtu."

Hakuuliza ni nani. Alijua Norrie atakuja. Mji mzima ulijua. Kodiani ile ilikuwa haijatoka nyumbani kwetu tangu iliporudishwa kutoka ukumbini, na haikuwahi kufunguliwa mbele ya mgeni. Ukiivuta hulia sauti moja nzito, hata usipogusa kitu, maana kitufe cha mwisho upande wa kushoto kimezama ndani na hakipandi. Mama alikuwa akisema ni unyevu wa kabati. Baba alijaribu kuivuta mara moja tu, nilipokuwa na miaka saba, kwa ule mkono wenye vidole vya kuchongwa vibaya, ikalia hivyo, akaifunga, akaenda kukaa uani na mvua inanyesha.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Norrie akishakaa, akishasema hadithi yake ya kuombwa wimbo, natoa kodiani chini ya meza, naiweka mapajani mwake, nasema, "Basi mpe baba akupigie." Nione uso wake. Nilikuwa nimeujaribu msemo huo mbele ya kioo mara tisa.

Ukumbi ulikuwa ule ule wa harusi. Watu themanini, viti vya kukunja, meza ya chai na skonzi nyuma chini ya uangalizi wa Bi Eunice Strachan, mjane wa kasisi, aliyekuwa shahidi wa kwanza kati ya wale thelathini. Baba alikaa mbele, kichwa amekigeuza kidogo ili sikio zima lituelekee. Norrie aliingia mwisho, akasimama karibu na mlango, mkono wake una bandeji. Viti vitatu vya jirani vikabaki vitupu.

Fergus Dalgarno alipanda jukwaani akipunga mkono. Mtu wa shingo nene, viatu vizuri. Ameua watu arobaini na saba kwenye vitabu vyake, kwa shoka, kwa kamba, kwa mashine ya kusaga nyama, na mwaka juzi nilimwona akimkimbia nyigu kwenye maegesho ya magari. Nikaisema hiyo kwenye maikrofoni. Watu wakacheka. Yeye alitabasamu kwa meno tu.

"Wewe kweli ni mtoto wa Wattie," alisema. "Mdomo ule ule."

"Nimerithishwa, maana mkono haukurithika."

Baba akakohoa.

"Kaka Fergus," nikaendelea, "wasomaji wanasema mtu akipigwa kwenye kitabu chako, wao ndio wanaokwenda kulala na maumivu. Unafanyaje?"

"Sibuni," alisema, akajinyoosha kitini. Swali hilo alikuwa amelijibu mara nyingi. "Kubuni ni uvivu, Greer. Mwandishi mvivu anakaa chumbani anabuni. Mimi naangalia, nasikiliza, naweka. Kila pigo kwenye kitabu changu limewahi kumpata mtu fulani mahali fulani. Sauti yake, harufu yake, kila kitu. Msomaji ananusa uongo."

"Na kitabu kipya?"

"Hakijachapwa. Ninyi ndio wa kwanza." Akatoa karatasi. Akamtazama baba, akainamisha kichwa kwa heshima, uso wa mtu anayekwenda kuweka shada. "Ni kuhusu kilichotupata katika mji huu. Nimesubiri miaka kumi na tisa. Wattie, nakuomba ruhusa."

Baba akanyanyua ule mkono, akaushusha. Ikachukuliwa kuwa ndiyo.

Fergus akasoma. Sauti yake ni nzuri, sitamnyima hilo. Mpiga kodiani anatoka nje na chombo chake kifuani, anacheka peke yake. Mpiga fidla anamfuata. Ngumi ya kwanza inaondoa taya. Mtu anaanguka kifudifudi juu ya kodiani yake, meno yanatoka na mate mekundu. Kisha akasoma hivi, na nina hakika ya kila neno kwa sababu kinasa sauti kilikuwa kinazunguka:

"Teke la kwanza lilimpata ubavuni, na kodiani iliyokuwa chini yake ikavuta pumzi. La pili likaitoa pumzi hiyo. Alikuwa anapigwa na huku anapiga muziki. Kwenye la tatu, ncha ya kiatu ikakikuta kitufe cha mwisho upande wa kushoto, kikazama, hakikurudi. Tangu hapo kodiani ikawa inalia sauti moja tu, nzito, ng'ombe aliyepotea kwenye ukungu, mpaka mpiga fidla alipoinama, akakishika kile kiganja cha kulia, akavipanga vidole juu ya jiwe, akainua mguu."

Akaweka karatasi. Watu wakapiga makofi ya polepole, yale ya msibani. Bi Eunice alikuwa anafuta macho kwa leso ya mezani.

Nikamtazama baba. Baba alikuwa anatazama chini ya meza yangu.

"Umeitoa wapi?" nikauliza.

"Nini?"

"Ile sauti moja."

Akacheka kidogo. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Unafumba macho, unaisikia."

"Dakika kumi zilizopita umesema hubuni."

"Kuna mambo madogo madogo, mdogo wangu, ambayo..."

"Kitufe cha mwisho upande wa kushoto. Umekibuni?"

"Nimekibuni, basi. Twende swali jingine."

Nikainama. Nikavuta sanduku, nikafungua vifungo, kimoja, viwili, vitatu. Kodiani ikapanda mezani ikiwa na harufu ya kabati letu. Sikugusa kitufe chochote. Nilishika pande mbili nikavuta tu.

Ikalia. Sauti moja, nzito, ikajaza ukumbi mpaka madirishani, ikakaa. Nilivuta mpaka mwisho wa mikono yangu, nikaanza kurudisha, na ikaendelea ile ile, haipandi, haishuki. Hakuna mtu nje ya nyumba yetu aliyewahi kuisikia. Isipokuwa mmoja, aliyekuwepo kitufe kilipozama, kisha akairudisha kodiani sandukuni.

Fergus Dalgarno alikuwa ameikodolea macho. Uso wake haukuwa na hofu bado. Ulikuwa na mshangao tu, wa mtu aliyekutana na kitu alichodhani kilishatupwa. Akasema polepole, na maikrofoni ikiwa nusu shubiri kutoka mdomoni:

"Kumbe hamkuitengeneza?"

Watu themanini wakamsikia. Akajisikia na yeye.

Nilidhani atatafuta maneno, ni mwandishi. Alitafuta jagi la maji. Lilikuwa la kioo kizito, nalo lilinipata mdomoni na shavuni kwa pamoja. Nikasikia jino likiondoka, tena nikasikia likigonga sakafu, ajabu jinsi unavyosikia vitu vidogo. Nikaanguka na kiti. Vioo vilikuwa nyweleni.

"Baba yako alinicheka!" Fergus alikuwa anapiga kelele juu yangu, mate yananirukia. "Alisoma daftari langu! Mashairi yangu, mbele ya wasimamizi wa harusi, kwa sauti ya mbuzi! Mji mzima ulinicheka! Mlinicheka nyote!"

Akaanza kunipiga teke. La kwanza tumboni. Nikakunja mikono kichwani, nikahesabu, kwa kuwa nilishajua hadithi inavyokwenda: la pili ubavuni, la tatu likaja likakikuta kiwiko changu, kikalia.

La nne halikufika. Baba alikuwa amepanda jukwaani. Mzee wangu wa miaka sitini, ambaye hawezi kufunga tai, alimrukia Fergus mgongoni na kumng'ata sikio. Fergus alilia. Akazunguka, akambamiza baba kwenye ukingo wa meza, mara moja, mara mbili, mpaka baba akaachia na kubiringika kando ya kodiani yake. Fergus akaweka kiatu juu ya mkono wa kulia wa baba. Mkono ule ule. Sijui kama alikusudia au miguu yake ilikuwa inakumbuka.

Norrie alipita juu ya viti, hakuvizunguka. Viti vya kukunja viliruka huku na huku, watu wakajitupa pembeni. Alimkamata Fergus kwenye tai na nywele, akampiga uso kwenye meza. Mara ya kwanza pua ilikwenda. Mara ya pili karatasi za kitabu kipya ziligeuka nyekundu. Akamburuta akiwa magotini, akamshusha jukwaani, akamtoa kwa mlango wa nyuma, kwenye ngazi za jiwe, na sisi tukafuata, mimi nikitambaa, baba akinishika. Jua lilikuwa kali. Kinasa sauti kilikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki nilikichukua saa ngapi.

Norrie alimlaza Fergus kifudifudi, akamkalia mgongoni, akakichukua kiganja cha kulia, kile cha kuandikia, akakiweka juu ya jiwe. Alivipanga vidole kimoja kimoja, kwa uangalifu wa mtu anayepanga heringi. Kisha akasimama, kiatu kimoja shingoni mwa Fergus, kingine kikiwa hewani.

"Norrie," baba akasema. Nadhani lilikuwa neno lake la kwanza kwake kwa miaka kumi na tisa.

"Hili nimeshalifungwa, Wattie," Norrie alijibu. "Miaka mitano, siku kwa siku. Kilichobaki ni kulitenda."

Fergus alikuwa analia na kusema majina ya watu. Norrie hakushusha mguu. Alikuwa anamtazama baba, anangoja. Sisi sote tulikuwa tunangoja. Baba alimtazama Norrie, akatazama vidole vile juu ya jiwe, akaniangalia mimi, na shavu langu lililofunguka. Halafu akageuza kichwa taratibu, akamwelekezea Norrie sikio la kushoto, lile lisilosikia.

Mguu ukashuka. Mara nne. Sitaieleza sauti yake. Yuko mtu aliyekuwa na kipaji cha kueleza sauti hiyo, na sasa anaandika kwa mkono wa kushoto.

*

Sajenti Inkster alifika ndani ya dakika saba na vijana wawili. Alikuta Fergus amezimia kwenye ngazi, Norrie amekaa kando yake na mikono magotini, na watu themanini wanaotazama angani.

"Nani ameona?"

Hakuna.

"Bi Eunice?"

"Nilikuwa naangalia skonzi zangu," Bi Eunice alisema. "Ameteleza, maskini."

"Vidole vinne?"

"Ameteleza mara nne."

Miaka kumi na tisa iliyopita walisikia wote kitu ambacho hakikuwepo. Sasa walikuwa wanalipa kwa kutoona kilichokuwepo, na niliona kwenye nyuso zao kwamba wanadhani ni sawa kwa sawa. Ningecheka kama mdomo ungefunguka.

Sajenti akanigeukia. Akaona kinasa sauti. Taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka.

Humo ndani kulikuwa na Fergus akisoma, Fergus akisema neno lake moja, Fergus akilia kuhusu daftari. Hayo yangemsafisha Norrie kortini. Na baada ya hayo kulikuwa na mlango wa nyuma, na sauti ya Norrie ikisema kilichobaki ni kulitenda, na mara nne. Ni mkanda mmoja. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta na kichwa changu kilikuwa kinapiga hesabu nikate wapi.

Norrie akasoma uso wangu. Alinyanyuka, akaja karibu, yule niliyemng'ata Jumanne.

"Usikate," alisema. "Nilifungwa kwa wimbo ambao hawakuuelewa, binti. Safari hii wausikie wote, mwanzo mpaka mwisho."

"Watakufunga tena."

"Safari hii watakuwa sahihi. Hujui raha yake."

Nikampa Sajenti kinasa sauti. Nilimwambia aandike kwamba nataka kirudishwe, ni cha redio, na kwamba kipindi kilikuwa hakijaisha, sikupata kumuuliza mgeni wangu wa pili swali hata moja. Nilisema hayo yote kwa jino pungufu, kwa hiyo sijui aliandika nini.

Wakamtia Norrie pingu juu ya bandeji. Akaingia garini mwenyewe, akainamisha kichwa kwa ustadi wa mtu aliyewahi kukamatwa. Hapo baba akaniachia bega. Alivuka ua akichechemea, damu ya Fergus bado iko kwenye kidevu chake, akafika garini, akagonga kioo kwa ule mkono wake mbovu. Kijana wa polisi akakishusha.

Baba aliinama akaingiza kichwa mpaka ndani, sikio zima mbele.

"Tocher," alisema. "Ni kweli nilikuomba?"

"Uliniomba."

"Na nililia?"

"Kama mbuzi. Mpaka kamasi."

Baba akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Alionekana anaitafuta wiki ile, anaikosa, anaamua kuiamini bila kuiona.

"Basi huko unakokwenda utakuwa na nafasi," alisema. "Nitungie jigi, mpumbavu wewe. Miaka kumi na tisa watu wananisalimia utadhani wanaaga maiti. Mimi bado hai."

Gari likaondoka. Kutoka nyuma ya kioo, mikono ikiwa imefungwa, Norrie Tocher alikuwa ameanza kugonga kiti cha mbele kwa vidole, haraka haraka, mapigo sita sita, na Sajenti Inkster akamwambia aache. Hakuacha.